JINSI UBONGO UNAVYOITAMBUA SURA INAYOJULIKANA MAHALI ISIPOTARAJIWA

Utangulizi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili, lakini mambo yaliyomo humpata karibu kila mtu katika maisha yake.

Msichana wa Kenyamonta, wilayani Serengeti katika Mkoa wa Mara, amemaliza kidato cha sita na amesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda Dar es Salaam kuanza masomo ya chuo. Asubuhi moja anapanda kivuko cha kutoka Magogoni kwenda Kigamboni. Katika umati wa abiria amesimama mzee mmoja aliyevaa koti na shati jeupe lililopigwa pasi. Mara tu anapomtupia jicho, msichana anashtuka. Anamjua mtu huyu. Hana shaka yoyote kwamba anamjua. Lakini ni nani? Je, aliwahi kuwa mwalimu wake? Ni ndugu wa upande wa baba? Ni mgeni aliyekuja harusini? Kila jibu analolijaribu halimkai mzee yule.

Kwa kuwa adabu haingoji kumbukumbu, msichana anamwamkia: "Shikamoo, baba." Mzee anaitikia: "Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?" "Hawajambo, baba." Maamkizi yamekwisha, na fumbo liko palepale, maana mzee yeyote angeweza kuuliza hivyo.

Kisha injini ya kivuko inaanza kunguruma. Mzee anamgeukia jirani yake, anainama, anaweka kiganja kando ya mdomo na kupaza sauti ili ashinde kelele. Papo hapo fumbo linafumbuka. Huyu ni mzee wa mashine ya kusaga ya kule nyumbani! Tangu utotoni msichana alikuwa akimpelekea mahindi, akimkuta amesimama kando ya injini, kofia, nyusi na kope zake zikiwa nyeupe kwa unga, akiwapazia wateja sauti kwa namna ileile.

Jambo hili dogo lina maswali mawili makubwa ya kisayansi. Kwanza, ubongo uliwezaje kuwa na hakika kwamba unamjua mtu, hali haujui ni nani? Pili, kwa nini sura iliyoonwa mara mamia haikutosha kumtambulisha mwenyewe hadi ngurumo ya injini ilipotokea? Mwaka 1980 mwanasaikolojia George Mandler wa Chuo Kikuu cha California alieleza tatizo hilohilo kwa mfano wa mtu anayemwona muuza nyama wake ndani ya basi, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakilitaja kwa mfano huo. Wasomaji wa Kenyamonta waweza kuliita tatizo la mzee wa mashine.

Lugha ya Kiswahili yenyewe imekwisha kuyatenganisha mambo ambayo sayansi imechukua miaka mingi kuyapima. Msemaji wa Kiswahili husema "sura hii si ngeni" anapokuwa na hisia ya kumjua mtu bila kujua ni nani. Husema "nimemkumbuka" anapompata mtu mwenyewe. Na akigundua kwamba amekosea, huomba radhi na kusema "nimekufananisha". Msomaji na aziweke akilini kauli hizi tatu, kwa maana makala haya yatazirejea hadi mwisho.

Kutoka Machoni hadi Ubongoni

Mwanga unaotoka usoni mwa mtu hupita katika lenzi ya jicho na kuangukia retina, ambako seli maalumu huugeuza kuwa ishara za umeme. Ishara hizo husafiri kwa neva ya macho hadi kwenye kituo kilicho ndani ya ubongo, kisha hupelekwa kwenye pande la kisogoni. Hapo huchambuliwa mambo ya awali, kama vile mistari, pembe, na mipaka kati ya weusi na weupe. Hadi hatua hii ubongo unaishughulikia sura ya mtu kama unavyoushughulikia mti au chungu.

Baada ya hapo ishara huelekea mbele, upande wa chini wa ubongo, kwenye eneo lililo usawa wa panja. Huko kuna sehemu zinazoshughulika zaidi na nyuso kuliko vitu vingine. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake nchini Marekani walitumia mashine inayoonyesha mabadiliko ya damu ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Waligundua kwamba sehemu moja ya mkunjo uitwao fusifomu huongeza kazi yake mtu anapotazama nyuso, kuliko anapotazama nyumba au vyombo. Kwa watu wengi sehemu hiyo huwa na nguvu zaidi katika nusu ya kulia ya ubongo.

Kazi hii hufanyika upesi mno. Mwaka 1996 watafiti waliopima umeme wa ubongo kutoka juu ya ngozi ya kichwa walieleza ishara inayotokea takriban milisekunde 170 baada ya mtu kuonyeshwa uso. Huo ni muda ulio chini ya robo ya sekunde. Kwa hiyo msichana wa Kenyamonta alipokuwa bado hajamaliza kushtuka, ubongo wake ulikuwa umekwisha kuamua kwamba kitu kile ni uso wa mtu na ulikuwa umeanza kuulinganisha na nyuso uzijuazo.

Nyuso hizo ni nyingi. Mwaka 2018 Rob Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha makadirio ya idadi ya nyuso ambazo mtu mzima huzijua. Wastani ulikuwa kama 5,000, ingawa tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia 1,000 hadi 10,000. Kati ya nyuso hizo, uso wa mzee wa mashine ni mmoja tu.

Hatua Tatu za Utambuzi

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Vicki Bruce na Andrew Young, walipendekeza kwamba kumtambua mtu ni kazi yenye hatua zinazofuatana. Kwa ajili ya somo hili, hatua hizo zaweza kupangwa kuwa tatu.

Hatua ya kwanza ni ya uso. Umbo la uso linaloonekana hulinganishwa na maumbo yaliyohifadhiwa. Likilingana na mojawapo, hisia hutokea kwamba sura si ngeni.

Hatua ya pili ni ya habari za mtu. Hapa hufunguliwa yale yanayojulikana juu yake: kazi yake, makazi yake, watu wa nyumba yake, na mahali alipozoea kuonwa.

Hatua ya tatu ni ya jina.

Ushahidi wa mpangilio huu ulitoka katika daftari za watu wa kawaida. Mwaka 1985 Young na wenzake, Hay na Ellis, walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo watu 22 waliandika kwa majuma kadhaa kila kosa au shida waliyoipata katika kutambua watu. Zilikusanywa taarifa zinazokaribia elfu moja. Mara nyingi watu waliandika kwamba sura haikuwa ngeni lakini hawakujua ni ya nani. Mara nyingi pia waliandika kwamba walimjua mtu, kazi yake na makazi yake, ila jina liliwapotea. Lakini haikupatikana taarifa ya mtu aliyelikumbuka jina la mwenye uso hali hajui lolote jingine juu yake. Njia ya kuelekea kwenye jina hupita katika habari za mtu.

Msichana wa Kenyamonta alikwama baada ya hatua ya kwanza. Ngurumo ya injini ilipomfungulia hatua ya pili, hakuhitaji ya tatu, kwa kuwa huenda hakupata kulijua jina la mzee yule hata siku moja. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki watu huitwa kwa kazi zao au kwa watoto wao: fundi, mwalimu, Mama Bhoke, mzee wa mashine. Mtindo huu ni wa heshima, na pia humpunguzia msemaji mzigo, maana habari za mtu zenyewe hufanywa kuwa jina lake.

Ubongo Unapoumia

Hatua zinazotenda kazi pamoja kwa mtu mzima wa afya hutenganishwa waziwazi na ajali na maradhi. Mwaka 1947 daktari Mjerumani Joachim Bodamer alieleza habari za wagonjwa waliojeruhiwa vichwani ambao macho yao yaliona, lakini hawakuweza kutambua nyuso za watu waliowajua. Hali hiyo aliipa jina la prosopagnosia. Mtu mwenye hali hii huweza kuona kwamba kilicho mbele yake ni uso, wenye macho, pua na mdomo. Hata hivyo uso wa mkewe haumwambii kitu mpaka asikie sauti yake au aone mwendo wake. Leo inajulikana pia kwamba wapo watu wanaozaliwa na udhaifu huu bila jeraha lolote. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akiwapita watu barabarani bila kuwaamkia asiharakishe kumhukumu kuwa hana adabu.

Hali nyingine ni kinyume cha hiyo. Mwaka 1923 daktari Mfaransa Joseph Capgras na mwenzake Jean Reboul-Lachaux walieleza habari za mwanamke aliyedai kwamba jamaa zake wameondolewa, na mahali pao wamewekwa watu wengine wanaofanana nao kabisa. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba mgonjwa wa namna hii huutambua uso na kujua ni wa nani, lakini hapati ule mguso wa moyo ambao kwa kawaida huambatana na sura ya mtu wa karibu. Akili yake hutafuta sababu ya upungufu huo, na hufikia uamuzi wa ajabu kwamba mtu huyu si yeye.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kivukoni, hisia ya kumjua mtu ilikuwapo bila habari zake. Kwa mgonjwa wa Capgras, habari za mtu zipo bila hisia. Ni dhahiri basi kwamba hisia ya kumjua mtu na maarifa ya kuwa yeye ni nani ni vitu viwili tofauti, ingawa kila siku huja pamoja hata vikadhaniwa kuwa kimoja.

Kwa Nini Mahali Pana Nguvu

Ndani ya ubongo, usawa wa panja, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Kazi yake mojawapo ni kuunganisha mambo yaliyotokea pamoja: mtu, mahali, sauti, harufu na wakati. Kila safari msichana alipopeleka mahindi, uso wa mzee ulifungwa pamoja na unga, harufu ya dizeli, foleni ya akina mama na kelele za injini. Vitu hivyo vyote vilikuwa kama kamba nyingi zilizoshika ndoo moja. Kivukoni kamba zote zilikatika isipokuwa ile ya uso, nayo peke yake haikutosha kuivuta ndoo. Ngurumo ya injini na kile kiganja kando ya mdomo vilirudisha kamba mbili, na ndoo ikapanda.

Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley walichapisha jaribio mashuhuri walilolifanya nchini Scotland. Wazamiaji waliojifunza orodha ya maneno chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na waliojifunza nchi kavu walikumbuka vizuri zaidi nchi kavu. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kujua pia kwamba mwaka 2021 mtafiti wa Uholanzi, Jaap Murre, alichapisha marudio ya sehemu ya jaribio hilo ambayo hayakuonyesha tofauti hiyo. Jambo moja la kupimwa, basi, ni nguvu ya mahali peke yake. Jingine ni nguvu ya mahali panapokwenda pamoja na mavazi, sauti na kazi ya mtu, kama ilivyokuwa kwa mzee wa mashine.

Lipo swali lingine linaloonekana kuwa kinyume. Ikiwa mahali pageni panadhoofisha utambuzi, mbona hisia ya kumjua mtu ilikuwa kali kivukoni kuliko ilivyopata kuwa kule kijijini? Wanasaikolojia Whittlesea na Williams wa Kanada walilijadili swali hili mwaka 1998. Mtu anapomkuta mama yake jikoni hapati hisia yoyote ya pekee kwamba sura ile si ngeni. Anamwona mama yake tu. Hisia hiyo huzuka pale ubongo unaposhughulikia jambo kwa wepesi usiotarajiwa. Katika umati wa wageni ubongo hutarajia nyuso ngeni. Uso mmoja ukipita kwa wepesi kuliko zote, ubongo hushangaa, na mshangao huo ndio mtu anaouhisi kuwa ni kumjua mwenye uso. Kwa hiyo ukali wa hisia si kipimo cha ukaribu wa mtu.

Sura Inayojulikana na Sura Ngeni

Msomaji aweza kuuliza kwa nini msichana yuleyule angemtambua mama yake mara moja hata kama angemkuta kivukoni. Jibu lipo katika wingi wa hali ambamo uso umeonwa. Uso wa mama ameuona asubuhi na usiku, katika jua na katika mwanga wa kibatari, ukicheka na ukilia, shambani, kisimani na kanisani. Uso wa mzee wa mashine ameuona mara nyingi, lakini karibu kila mara katika hali moja.

Mwaka 2011 Jenkins na wenzake walilionyesha jambo hili kwa jaribio rahisi. Walichukua picha 40 za wanawake 2 mashuhuri wa Uholanzi, kila mmoja picha 20, wakazichanganya. Waingereza wasiowajua wanawake hao waliombwa kuzipanga picha katika mafungu, kila mtu fungu lake. Hapana hata mmoja aliyepata mafungu 2. Kwa kawaida walipata mafungu 7 au 8, na mmoja alifikia 16. Waholanzi waliowajua wanawake hao waliifanya kazi hiyo bila shida, na wengi wao walipata mafungu 2 tu. Picha zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa ndani ya ubongo wa mtazamaji.

Kadhalika, mwaka 1979 Ellis, Shepherd na Davies walionyesha kwamba sehemu za ndani za uso, yaani macho, pua na mdomo, husaidia zaidi kutambua watu wanaojulikana kuliko sehemu za nje kama nywele. Kwa uso mgeni faida hiyo haipo. Mtu anayemtazama mgeni huegemea sana nywele, kofia na umbo la kichwa, vitu ambavyo kinyozi aweza kuvibadili kwa muda wa nusu saa.

Mfano mzuri unapatikana karibu na Kenyamonta. Tangu George Schaller alipoanza kuwachunguza simba wa Hifadhi ya Serengeti mwaka 1966, watafiti wamehitaji kumjua kila simba mmoja mmoja. Hawakutegemea hisia peke yake. Mwaka 1970 Pennycuick na Rudnai walichapisha njia ya kuwatambua simba kwa madoa yaliyo kwenye mizizi ya sharubu, ambayo mpangilio wake hutofautiana baina ya simba na simba. Mtafiti huyachora madoa hayo kwenye kadi na kuyalinganisha. Njia hiyo huenda polepole, lakini mtu wa pili aweza kuisahihisha kazi ya wa kwanza. Hisia ya mtu kwamba "sura si ngeni" haina kadi ya kusahihishwa nayo.

Sura Inayojulikana Mbele ya Mahakama

Kivukoni kosa la kumbukumbu halimdhuru mtu. Mahakamani laweza kumpeleka mtu gerezani.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Australia, Donald Thomson, alitokea katika kipindi cha televisheni kilichorushwa moja kwa moja, akizungumzia kumbukumbu za mashahidi. Baadaye alikamatwa kwa tuhuma za kumnajisi mwanamke mmoja, ambaye alimtambua bila kusita. Thomson hakuweza kuwa mahali pa tukio, kwa kuwa saa ileile alikuwa studio mbele ya kamera. Ilidhihirika kwamba mwanamke huyo alikuwa akitazama kipindi hicho aliposhambuliwa. Hakusema uongo. Uso wa Thomson kwake haukuwa mgeni kweli. Lakini ubongo wake uliutoa kwenye televisheni na kuupachika mwilini mwa mshambuliaji. Hatua ya kwanza ilikuwa sahihi, na hatua ya pili ilijazwa habari zisizo zake.

Sheria ya Tanzania inalijua tatizo hili. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na haupaswi kutegemewa mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Mahakama ilitaja mambo ya kuchunguzwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga wa namna gani, na kama alipata kumwona kabla ya hapo. Msomaji ataona kwamba kila jambo katika orodha hiyo linagusa hatua fulani ya kazi ya ubongo iliyoelezwa katika makala haya.

Hata kumjua mtu tangu zamani si kinga kamili. Mwaka 1976 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Turnbull, ilitahadharisha kwamba watu hukosea wakati mwingine hata katika kuwatambua ndugu na rafiki wa karibu, na mahakama za Tanzania zimeirejea tahadhari hiyo katika hukumu zao. Katika usiku wa giza na hofu, ubongo hupata sehemu ndogo tu ya uso, kisha huikamilisha kwa mtu uliyemzoea. Kwa hiyo anayetajwa kimakosa aweza kuwa jirani anayejulikana sana, wala si lazima awe mgeni.

Wafugaji wa Mara wanaielewa busara iliyomo hapa. Mtu aliyeibiwa ng'ombe akidai kumwona mnadani, haitoshi aseme kwamba anamjua ng'ombe wake. Hutakiwa kutaja kwanza rangi, pembe, chapa na kovu, ndipo mnyama aletwe. Kinachotajwa kabla ya kuona hakiwezi kuwa kimetokana na kile kinachoonwa sasa. Vivyo hivyo shahidi hueleza sura ya mhalifu kabla ya gwaride la utambulisho, na maelezo hayo huandikwa.

Kijana yeyote aweza siku moja kuitwa kutoa ushahidi. Akiitwa, na ajiulize maswali mawili mbalimbali. La kwanza: je, uso huu si mgeni kwangu? La pili: nina habari gani, mbali na hisia hiyo, zinazoonyesha kwamba niliuona palepale na siku ileile? Ikiwa analo jibu la kwanza tu, ukweli wamtaka aseme hivyo na kuishia hapo.

Jaribio la Darasani

Mwalimu akusanye picha 20 za watu 2 wanaofanana kwa jinsia na umri, ambao darasa haliwajui, kila mmoja picha 10. Picha ziwe za miaka na mianga tofauti, na wenyewe wawe wametoa ruhusa. Azichanganye, kisha awape wanafunzi wazipange katika mafungu, kila mtu fungu lake, bila kuwaambia idadi ya watu. Kila kikundi kiandike idadi ya mafungu yake na muda uliotumika. Baadaye aitwe mtu anayewajua watu hao wawili, naye afanye kazi hiyohiyo. Darasa lilinganishe matokeo kwa jedwali na kueleza sababu ya tofauti.

Kwa muda wa majuma mawili kila mwanafunzi pia aandike katika daftari kila mara alipomfananisha mtu, alipoona sura isiyo ngeni bila kujua ni ya nani, au aliposahau jina. Aonyeshe mahali, mavazi ya mtu, na kitu kilichomsaidia kukumbuka. Majina ya watu yasiandikwe.

Hitimisho

Kumtambua mtu si tendo moja. Ni kazi ya hatua kadhaa zinazofanywa na sehemu mbalimbali za ubongo, na kila hatua yaweza kufaulu au kushindwa peke yake. Mahali palipozoeleka huzisaidia hatua hizo kwenda pamoja. Mahali pageni huzitenganisha, na kwa kufanya hivyo hutuonyesha jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Msichana wa Kenyamonta alijua kwamba anajua, wala hakujilazimisha kupachika jibu kabla halijaja. Alimpa mzee heshima yake, akangoja. Kungoja huko ndiko mahakama inakomtakia shahidi, na ndiko mwalimu wa sayansi anakomtakia mwanafunzi wake.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kauli "sura hii si ngeni" na "nimemkumbuka" kwa kutumia hatua tatu za utambuzi.

2. Kwa nini ngurumo ya injini ilimsaidia msichana kumkumbuka mzee wa mashine? Taja mfano mwingine kutoka katika maisha yako.

3. Linganisha mtu mwenye prosopagnosia na mgonjwa wa Capgras. Ni hatua gani iliyodhoofika kwa kila mmoja?

4. Shahidi anasema: "Nina hakika kabisa, kwa maana nilipomwona gwarideni moyo ulinipasuka." Je, ukali wa hisia zake ni uthibitisho? Toa sababu.

5. Watafiti wa Serengeti huchora madoa ya sharubu za simba. Jadili faida za njia hiyo, na ueleze kwa nini mama hahitaji kadi kumtambua mtoto wake.